Biriani Kwenye Mkutano wa Kimya

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, kengele ya shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Vihiga ililia, nikajigeuza upande wa pili, nikalala tena. Nilipoamka jua lilikuwa limepanda, chai imepoa, na hakuna mtoto hata mmoja duniani aliyekuwa akinisubiri. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu ujana. Walimu vijana niliowaacha kazini wameniomba niwaandikie kidogo kuhusu kuwalea walimu wapya, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya muda mrefu kuliko nyingine yoyote. Wanataka kanuni. Kanuni sina. Nina Raya, na kaka yake, na sufuria ya biriani, na hayo yote yalitokea Guangzhou, mji wa China ambao sikuwahi kuota kwamba ningefundisha huko.

Lakini mwalimu hazaliwi, analelewa, na mimi nililelewa na mzee Asava. Siku yangu ya kwanza darasani, katika shule ya Marafiki huku kwetu, nilifundisha kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Marafiki ndio hao ambao wengine huwaita Wakweka, na mzee Asava alikuwa mmoja wao wa asili kabisa: mtu wa maneno machache, tena aliyapima kama sukari ya wakati wa njaa. Alikaa nyuma ya darasa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfikia kidevuni, hana kalamu wala karatasi. Kipindi kilipokwisha aliniuliza swali moja tu.

"Leo ni mtoto gani hukumwona?"

Nikamjibu kwamba niliwaona wote. Akachukua kofia yake akaenda zake. Kesho yake akauliza vilevile, na kesho kutwa. Nilimchukia muhula mzima. Kisha siku moja nikasikia mdomo wangu ukitaja jina la msichana aliyekaa karibu na dirisha, ambaye nilikuwa sijamtazama tangu asubuhi, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi sasa umeanza kazi," akasema. Mshahara nilikuwa nimeanza kuupokea tangu Januari, lakini sikumkumbusha.

Miaka ikapita, nikawa mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha nyuma. Mwishoni mwa miaka ya tisini Marafiki wachache kutoka nchi mbalimbali walikuwa na shule ndogo ya kujitegemea huko Guangzhou, kwa ajili ya watoto wa wageni: watoto wa wafanyabiashara, wa wasomi wa vyuo vikuu, wa wahandisi. Walihitaji mtu wa kuwalea walimu wapya, na kanisa letu likanitaja mimi, labda kwa sababu sikuwa na mume wa kumwomba ruhusa.

Shule yenyewe ilikuwa orofa mbili za kupanga katika mtaa wa Liuhua, karibu na stesheni ya treni, juu ya duka la jumla la vifungo vya nguo. Pande zote tulizungukwa na nguo na viatu. Kutwa nzima, chini ya madirisha yetu, wapagazi walifunga marobota kwa utepe wa gundi, na ule utepe ukivutwa unalia kraaa kama kitambaa cha Mungu kinachochanwa. Juu yetu zilipita ndege, maana uwanja wa ndege siku hizo ulikuwa karibu mno na mji, na zilishuka chini kiasi cha kuweza kuhesabu magurudumu. Ndege ikipita, hakuna anayesikia kitu.

Hapo ndipo nilipopata chombo changu bora cha kazi. Mwalimu mpya akija nilimtazama ndege inapopita. Anayepaza sauti kushindana nayo, huyo bado anafundisha kwa ajili yake mwenyewe. Anayenyamaza na kuwatazama watoto mpaka ipite, huyo kazi yangu kwake imepungua nusu. Nawapa bure mbinu hii, ingawa najua wengi wenu hamna ndege. Tumieni mvua inayopiga bati.

Sasa niwaeleze desturi za ile shule, maana bila hizo hamtaelewa yaliyotokea. Marafiki wanaamini hakuna binadamu aliye juu ya mwenzake. Kwa hiyo pale hapakuwa na "bwana" wala "madamu" wala "mwalimu mkuu". Mtoto wa miaka sita aliniita Jerida, jina tupu, na nilizoea kwa shida. Hakuna aliyesimama kumheshimu mtu. Na mambo yote ya shule yaliamuliwa katika mkutano wa wafanyakazi wote, pamoja na Lan, mama aliyefagia na kuchemsha maji. Kura haikupigwa. Tuliketi kimya, karani wa mkutano anataja jambo, kimya tena, mwenye neno moyoni analisema, kimya tena, mpaka wote tuwe na nia moja. Mtu mmoja tu akisema hana amani na jambo hilo, basi, jambo limesimama. Ni njia nzuri sana ya kuamua mambo kama huna haraka na huna njaa.

Raya alitujia kutoka Unguja. Alisomea ualimu kwao, akafundisha kidogo, kisha akamfuata kaka yake, Masoud, mfanyabiashara aliyenunua nguo katika masoko ya Shisanhang na Guangyuan Xilu na kuzipakia kwenye makontena kwenda Dar. Masoud alikuwa na peja kiunoni, suruali yenye mkunjo wa pasi mkali kama kisu, na neno lake lilikuwa neno. Alimsindikiza dada yake siku ya kwanza, akanivuta pembeni kwenye ngazi.

"Dada Jerida, mimi sikufichi. Mizigo imenizidi, nataka mtu wangu wa damu akae dukani, maana hawa malaoban, wenye maduka hawa, ukiwapa kisogo tu, bei imepanda. Raya anataka chaki. Haya, nimempa muhula mmoja. Mkimchukua moja kwa moja, sawa, nitamwachia. Msipomchukua, anakuja Guangyuan kufunga marobota, na habari ya ualimu tusiisikie tena."

"Na yeye amekubali?"

"Afanyeje? Kibali chake cha kukaa kiko kwangu au kwenu. Hana cha tatu."

Nikamtazama Raya ndani, anapanga viti vya watoto kwa mstari kama anayetandika vitanda vya wageni. Nikajua muhula ule hautakuwa mwepesi kwangu.

Ndege ya kwanza ilipopita, Raya alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ya tatu ilipopita, alinyamaza, akawatazama watoto mmoja mmoja, na ilipokwenda akaendelea na sentensi pale alipoiachia. Alijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Swali la mzee Asava nilipomuuliza, hakunichukia hata siku moja; aliketi, akafumba macho, akataja jina. Hesabu za kutoa alizifundisha kwa soko: mtoto mmoja laoban, mwingine mnunuzi, na darasa zima likilia "tai gui le!", ghali mno, kama lilivyowasikia wazazi wao wakilia kila siku. Nilikaa kwenye kiti changu cha nyuma nikicheka peke yangu.

Ila kulikuwa na shikamoo.

Raya akiingia darasani, watoto walisimama wote, Wakongo, Wahindi, Waswahili na yule Mfini mmoja, wakaimba kwa pamoja: "Shikamoo Mwalimu!" Naye anaitikia, "Marahaba, kaeni." Alikuwa amewafundisha wiki ya kwanza, bila kumwuliza mtu, kama vile mtu asivyouliza ruhusa ya kufungua dirisha.

Edith aliyasikia akiwa kwenye ukumbi. Edith alikuwa Mwingereza, mmoja wa walioianzisha shule, mama mwenye mvi na viatu vizito, ambaye Kichina chake kiliwashangaza hata wenye maduka. Mababu zake Marafiki walitupwa jela kwa kukataa kumvulia kofia mkubwa yeyote, na yeye jambo hilo hakulichukulia kama hadithi. Alinijia amekunja uso. Tulizungumza Kiingereza, ila neno lake lilikuwa hivi: "Jerida, watoto wanasimama kumheshimu mtu. Wanamwita kwa cheo. Hiki ndicho tulichokuja kukiacha."

Nikaenda kwa Raya. Nilijua sitapendwa upande wowote, na ndivyo kazi ya kulea walimu ilivyo.

"Dada Jerida," akasema, "unataka mtoto wa miaka saba aniite Raya? Raya mtupu? Kama anaita paka?"

"Mimi wananiita Jerida."

"Wewe Mungu atakulipa kwa subira yako. Mimi nikimruhusu, mama yake akinikuta sokoni nitamtazama na uso gani?"

"Jaribu wiki moja tu. Kwa ajili yangu."

Akajaribu. Siku ya nne alikuja mama mmoja wa Dar, mwenye mtoto darasani, amebeba mfuko wa viatu vya sampuli, na hasira zake zilipanda ngazi kabla yake. Mwanawe alikuwa amefika nyumbani, amekaa mezani, na kusema, "Mwanahawa, niongezee wali." Mwanahawa ndiye huyo mama. "Nimemlea miaka saba!" akasema. "Miaka saba aniite mama, leo shule yenu imemfundisha kuniita kama shoga yangu!" Raya hakucheka, na namheshimu kwa hilo, maana mimi ilinibidi nitoke nje. Jumatatu iliyofuata shikamoo ilirudi. Niliamua nisiiguse tena. Nilimwomba tu watoto wasisimame, akakubali, ingawa wengine miguu yao ilikuwa imeshazoea.

Edith hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa, ningejua la kufanya. Alimpenda Raya, alisifu masomo yake, alimletea chungwa kila Ijumaa. Lakini siku chache kabla ya mkutano wa mwisho wa muhula, ule wa kuamua kama Raya abaki, aliniambia waziwazi: "Nimejitahidi, na bado sina amani. Nitasema hivyo mkutanoni." Na mmeshajua mtu mmoja asiye na amani anafanya nini kwenye mikutano yetu. Sikupata usingizi mzuri. Raya naye alipungua hadi pete ikawa inamvuka kidoleni, lakini kila asubuhi alikuwa darasani kabla yangu.

Siku ya mkutano ilikuwa Jumamosi mchana. Nilimfundisha Raya adabu za pale: ukae, usijitetee, usimjibu mtu papo hapo, na kimya kikizidi usiogope. "Kwetu," akasema, "msichana akiulizwa kuhusu mchumba akinyamaza, maana yake amekubali." Nikamwambia, kwa Marafiki kimya maana yake ni kimya, bado wanasikiliza. Akaguna.

Tuliketi kwa duara kwenye viti vya watoto. Lan alikaa karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, ili awahi kuitazama birika. Karani wetu, Tom, Mmarekani aliyefundisha hesabu, akasoma jambo: je, tuna nia moja kwamba Raya abaki nasi? Kimya. Utepe ukalia kule chini. Nikasema nililokuwa nalo, kwa ufupi, kwamba katika miaka yangu yote sijapata mwalimu mpya anayewaona watoto kama huyu. Kimya. Ndipo Edith akasema, taratibu na kwa uchungu wa kweli, kwamba anampenda Raya, lakini hawezi kuungana nasi katika jambo hili, maana tutakuwa tunawafundisha watoto kuinama mbele ya wakubwa. Baada ya hapo ndipo kikaja kile kimya kizito, vichwa vyote vimeinama, wengine wamefumba macho. Raya alikuwa akitazama mikono yake.

Mlango ukafunguka. Masoud.

Alikuwa amebeba sufuria kubwa ya biriani iliyofungwa kwa kitambaa, harufu ya iliki na mbuzi ikaingia kabla yake. Akatazama ndani. Akaona watu wamekaa duara, vichwa chini, hakuna anayesema, dada yake macho mekundu. Mswahili yeyote angeelewa kama alivyoelewa yeye. Aliiweka sufuria chini polepole, akavua viatu, akavua na miwani yake ya jua, na uso wake ukawa wa matangani.

Akaanza kusalimu, kama inavyotakiwa, kwa kumpa mkono mmoja baada ya mwingine bila kumruka mtu. Aliyekuwa karibu ni Lan. Masoud akamwinamia, mikono yote miwili. "Shikamoo Bibi," akasema kwa sauti ya chini. "Poleni sana na msiba."

Na Lan, bila kushtuka hata kidogo, akajibu: "Marahaba."

Masoud hakuona ajabu. Akaendelea. Edith akapewa shikamoo yake na pole yake, Tom akapewa mkono na pole tu kwa kuwa alikuwa kijana, na kila mmoja wao akautoa mkono kwa kuwa hakujua la kufanya. Alipofika kwangu akanong'ona, "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki," nikamnong'oneza. "Wanaamua kama dada yako abaki."

Sijawahi kuona mtu akikaa kwenye kiti cha mtoto kwa haraka vile.

Edith alikuwa bado anamtazama Lan. Akamwuliza kwa Kichina neno lile amelitoa wapi. Lan akajibu kirefu, akionyesha mlango, akionyesha ngazi, akifanya kwa mikono kama mtu anayefagia. Edith alipogeuka kutueleza, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Anasema ni salamu ya watoto. Kila asubuhi akifagia ngazi, wanamwamkia yeye kwanza kabla hawajafika darasani. Raya aliwaambia ndivyo inavyokwenda, kwa sababu Lan ndiye mkubwa wetu sote kwa umri. Raya mwenyewe anamwamkia." Akamtazama tena Lan. "Anasema zamani walikuwa wakirukaruka juu ya fagio lake."

Mimi sikulijua hilo. Nilipitia ngazi zilezile kila siku, ila nilipita baada ya watoto. Nilimtazama Raya, naye akawa anashangaa kwa nini tunamtazama, maana kwake halikuwa jambo la kusimulia. Umemkuta mtu mzima ngazini, utapita tu?

Kimya kikarudi, lakini hiki kilikuwa kingine. Ndege ikapita juu, tukaingoja. Ilipokwisha, Edith akasema, "Nilidhani salamu hii inafuata cheo. Kumbe mwalimu anampa mfagiaji. Nimekaa na Lan miaka mingi, nikimwita Lan, nikidhani nimemfanya sawa na mimi." Akavuta pumzi. "Sina kizuizi tena. Naomba Raya abaki."

Tom akauliza tena kama tuna nia moja. Mmoja baada ya mwingine tukaitikia kwa kichwa, na Lan akaitikia kwa chake, naye Tom akaandika mstari mmoja na kushukuru. Hakuna makofi kwetu. Kwa hiyo Raya alibaki ameinama, anasubiri hukumu.

Nikamgusa goti. "Raya. Imekwisha. Umebaki."

"Imekwisha saa ngapi?" akasema. "Mbona hakuna aliyesema kitu?" Halafu ikamwingia, akajifunika uso kwa mtandio, akalia, na Edith akaja akakaa sakafuni mbele yake na viatu vyake vizito, akamshika mikono. Mimi nilikwenda kwenye chumba cha birika, nikaegemea ukuta, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nimepokea habari nyingi njema katika kazi hii, lakini sikumbuki nyingine iliyoniondolea mzigo kama ile.

Biriani tuliila yote. Suala la majina halikupata kumalizwa: wengine walimwita Raya, wengine Mwalimu Raya, na Mwanahawa akarudi kuwa mama. Edith alijifunza kusema shikamoo kwa lafudhi mbaya sana na akaitumia kwa Lan kila asubuhi. Raya alikaa nasi mpaka mimi nikaondoka, na leo yuko Unguja, anawalea walimu wapya yeye mwenyewe.

Limebaki moja. Jioni ile nilimsindikiza Masoud mpaka chini, kwenye duka la vifungo, amebeba sufuria tupu. Nikamwambia ni vizuri kwamba alikuja na karamu, ila alijuaje kwamba dada yake atapita?

Akasimama. Wapagazi wakatupita na marobota yao.

"Nani kakwambia niliipika kwa kupita?" akasema. "Niliipika kumpoza. Nilikuwa na hakika mtamkataa. Meza yake dukani nimeshaiweka tangu Alhamisi, na nilikuwa nataka, wallahi, nilikuwa nataka sana mmkatae." Akaihamisha sufuria mkono mwingine. "Uliponiambia bado wanaamua, nikakaa kile kiti, na dua zote nilizofundishwa tangu chuo cha Kurani nikazisoma ili apite. Zote. Mwenyewe nikajishangaa." Kisha akaninyooshea kidole. "Usimwambie."

Nilimwahidi, na nimelishika neno hilo kwa miaka yote hii. Masoud atanisamehe, mimi sasa ni mstaafu. Raya, umejua.